Zamu ya Tundu la Pili

Kompyuta iliwaka na kusema ina prosesa mbili, zote zinafanya kazi. Gathoni akainamisha kichwa ndani ya kasha kuhakikisha. Tundu la pili lilikuwa tupu.

Ilipaswa kukwama. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiandikia maagizo chipu ya daraja, ile inayozigawia prosesa zamu ya kutumia njia moja ya kwenda kwenye kumbukumbu: sasa wewe, sasa mwenzako. Ukiiambia ziko mbili na ipo moja tu, itampa zamu asiyekuwepo, hatajibu, na mashine itakufa hapo hapo. Gathoni aliandika mbili makusudi, kwa hasira, ili bosi wake Mutahi aone kwa macho yake kwamba wizi wake wa prosesa ya pili hauwezekani.

Lakini kulikuwa na aliyejibu.

Mutahi, mwenye karakana, alipiga makofi. "Si nilikuambia? Customer wa Nanyuki aliagiza mbili, anaona mbili. Kazi imeisha."

"Boss, hiyo ingine uliitoa. Nani anafanya hii kazi?"

"Ati nani! Majini ni ya Mombasa, Gathoni. Huku Nyeri tuko na baridi tu."

Huyo ndiye Mutahi. Mwezi wa tano alimtuma Gicheru, fundi mwenzake Gathoni, apande mlingoti wa antena kule Sagana mvua ikinyesha na umeme haujazimwa, kwa kuwa mteja alikuwa na haraka. Gicheru akarudi ndani ya sanduku. Mutahi hakufika hata mazishini. Mtu kama huyo hata kumlaani ni kupoteza mate.

Gathoni alitazama kiti cha marehemu. Kwao, mtu akifa kigoda chake hupinduliwa jioni ile ile, maana kiti kikiachwa wazi hupata mwenyewe. Cha Gicheru hakuna aliyekipindua.

Ukungu wa Julai ulikuwa umeziba madirisha, mchana na taa zimewashwa, ndipo harufu ikaja: sufu iliyolowa mvua, na nyuma yake nywele zilizoungua. Ndani ya kasha kikasikika kikohozi, kile cha Gicheru cha mara mbili kabla ya kuomba chuma cha kulehemu, kwa kuwa walikuwa nacho kimoja tu na walikitumia kwa zamu. Gathoni akataka kupiga kelele lakini pumzi haikuja. Ikaja, ikakatika, ikaja tena, kana kwamba kuna mtu mwingine anavuta pumzi zake katikati ya zile za Gathoni, na kila ilipokatika vidole vyake vilichapa maneno asiyoyajua, na alipoinua macho akayasoma kwenye kioo cha kompyuta, BARIDI, BARIDI, NIPISHE, na zamu zake zikawa fupi na za yule zikawa ndefu, mpaka moyo wake ukawa unangoja ruhusa ndipo upige.

Hasira ndiyo iliyomwokoa. "Gicheru," akanong'ona, "si mimi nilikutuma." Katika pumzi iliyofuata, ya kwake, akafuta mbili akaandika moja, akazima mashine, akachukua kizibo, kile kibao cha kufunga tundu lisilo na prosesa, akakisukuma mpaka kikakaa. Harufu ikaondoka. Alipoiwasha tena, ilisema moja.

Mutahi alipoona akawaka. "Unanichezea? Customer ako kwa ngazi!"

"Boss, usitoe hiyo kitu. Tafadhali."

"Toka hapa!"

Akamsukuma kando, akazima, akang'oa kizibo kwa vidole vyake, akawasha, akaandika mbili mwenyewe. Kisha akavuta kiti cha Gicheru akaketi kungoja. Gathoni angeweza kumshika mkono. Hakumshika.

Kompyuta ikasema mbili.

Mutahi akafungua mdomo kucheka, pumzi ikakatika. Akashika kifua. Macho yalimtoka yakimtafuta Gathoni, yakimwomba, kisha yakatulia yakawa ya upole, na mabega yakashuka kama ya mtu aliyetoka kazini. Akakohoa mara mbili.

"Gathoni," akasema kwa sauti isiyo yake, akinyoosha mkono. "Nipe chuma. Ni zamu yangu."

Chuma kilikuwa bado cha moto. Gathoni akampa.