Nusu Milimita Kwenye Kona

Duka la vitambaa lilikuwa halipitiki Jumamosi ile. Mshonaji aliingia na gauni lake la bluu, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, akanyoosha mkono kwenye jora la mwisho la mahameli ya kijani. Mkono mwingine ukatua hapo hapo. Ulikuwa na vidole vyembamba, na kucha zimekatwa fupi kama za daktari.

"Samahani dada, hiki nimekiona mimi kwanza."

"Umekiona wewe, nimekishika mimi. Unamshonea nani?"

"Mlima."

Akamtazama vizuri. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakubali, suruali ya kijivu, uso wa mtu asiyetania.

"Mlima una kiuno cha ngapi?"

"Sijaupima. Nitaupima leo mchana."

Walikata jora nusu kwa nusu. Kabla ya kutoka mlangoni mshonaji alikwisha kujua kwamba kijana yule ni fundi saa, kwamba mtaa mzima unamwita Dakika, na kwamba kila mwisho wa wiki anajenga reli ndogo juu ya meza, mfano kamili wa njia ya treni inayotoka mjini kwao.

"Njia hiyo anaiendesha baba yangu," alisema mshonaji. "Miaka ishirini na sita."

Dakika akaomba namba ya simu.

Wakaanza hivyo. Jumamosi akishafunga cherehani, mshonaji alikwenda chumbani kwa Dakika, mlango ukiachwa wazi kwa heshima ya majirani, akakaa kwenye kigoda kumtazama. Wiki ya kwanza palikuwa na mbao tupu. Ya pili, mlima ukavaa mahameli. Ya tatu yakaja mataruma ya kulazia reli, vijiti vidogo kama njiti za kiberiti, mia nne na kitu, kila kimoja kimekatwa kwa mkono. Jumapili jioni simu ililia.

"Sindano wangu, hujambo?"

"Sijambo. Treni imefika wapi?"

"Imefika darajani. Inakusubiri wewe upande."

"Mwambie dereva mimi ni mnene, behewa halitanitosha."

"Dereva anasema atakuweka mbele, karibu naye."

Mshonaji alicheka mpaka mama yake akagonga ukuta. Walikwisha kupanga: reli ikikamilika, baba ataalikwa kuja kuitazama, na siku hiyo hiyo Dakika atasema lake.

Ilibaki kona. Nje ya mji njia inapinda juu ya tuta refu la udongo, na kando yake imesimama nguzo ya zege iliyochimbiwa kwenye mwamba. Dakika alipima kutoka nguzo hadi reli, akaandika daftarini: mita mbili na sentimita arobaini. Mezani, kila sentimita tisa za njia zilikuwa milimita moja. Akakata kipande cha kwanza. Lakini fundi saa huyu hakugundisha kitu bila kukipima mara ya pili, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alirudi na kupima tena. Kipande kipya hakikukutana na cha zamani.

"Kimepungua nusu milimita," alisema, ameinamia meza.

"Nusu milimita ndiyo inakutoa jasho?"

"Kwenye saa, nusu milimita ni shimo la kumzika mtu."

Alicheka, lakini mshonaji aliona kicheko hakikufika machoni. Wiki iliyofuata pengo likawa milimita nzima. Dakika alifumba jicho la kushoto, akafumba la kulia, akafikicha yote mawili.

"Mimi nikimpima mteja mara mbili na vipimo visilingane," alisema mshonaji taratibu, "silaumu futi. Najua mwili umebadilika."

"Mlima si mteja wako. Mlima hauendi popote."

"Basi nini kimekwenda?"

Dakika akalifunga daftari. Nje upepo ulikuwa umetulia kabisa, na chumba kile kikaonekana kidogo ghafla.

Jumapili Dakika alimpigia kwa sauti ya furaha: kona imekubali. Mshonaji akaenda kuiona. Treni ndogo ilizunguka bila kutikisika. Lakini juu ya meza palikuwa na tupa, na chini ya tupa unga mwembamba wa chuma. Akalivuta daftari. Mita mbili na sentimita arobaini na tisa ilikuwa imefutwa, na juu yake, kwa wino mzito, imeandikwa arobaini.

"Umekisaga kipande."

"Nimekirekebisha."

"Na namba? Nayo umeirekebisha?"

"Ni kitu cha kuchezea, mpenzi. Nataka kimalizike baba aje."

"Baba anapita pale kila siku. Pale si pa kuchezea."

"Usinifundishe kupima," alisema Dakika, na sauti yake ilikuwa ngeni. "Hii si kazi ya kushona vifungo."

Mshonaji alichukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Wiki nzima simu ililia na yeye akaiacha ilie. Kilichomuuma si maneno. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa karibu kuolewa na mtu anayefuta kipimo asichokipenda. Na usiku, akilala, aliliona tuta lile.

Jumamosi saa saba mchana alivaa viatu vya mpira, akavaa futi yake shingoni, akaenda mwenyewe.

Hapakuwa na mtu. Nyasi juu ya tuta zilikuwa kavu, lakini chini udongo ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita. Alishika ncha ya futi kwenye nguzo, akaweka jiwe kuonyesha ilipoishia, akaanza tena, akajumlisha. Mita mbili na sentimita sitini na moja. Akarudia. Sitini na moja. Ndipo alipouona ufa, umejificha kati ya nyasi, umefuata kona kama mshono uliofumuka. Aliingiza kiganja, kikaingia chote, na ndani kulikuwa na baridi.

Honi ya treni ililia. Alirudi nyuma hadi kwenye mwamba, akapunga mikono yote miwili kuisimamisha. Baba yake alitoa kichwa dirishani, akamwona, akampungia naye kwa furaha. Mabehewa sita yakapita kuelekea mjini. La mwisho liliinama upande mmoja, likakaa hivyo kwa muda ambao aliuhesabu moyoni, likanyooka. Udongo ukamwagika polepole kutoka kwenye ufa.

Alimpigia Dakika simu.

"Sindano?" Sauti ya Dakika ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Nisamehe. Sikukwambia. Nadhani macho yangu yanakufa. Fundi saa asiye na macho atakuoa kwa kipato gani?"

Mshonaji akakaa chini. Kumbe ndicho alichokuwa anakificha.

"Macho yako ni mazima, mpenzi," alisema. "Ulipima sawa kila mara. Hilo ndilo linalonitisha. Chukua daftari, kimbia stesheni. Saa kumi Baba anaondoka tena mjini na watu, apite hapa."

Stesheni masta aliwasikiliza amesimama. Alilifungua daftari, akakiona kilichofutwa, akalifunga.

"Mnataka nizuie treni kwa namba iliyochezewa? Nani aliibadili hii?"

Nje abiria walikuwa wamekwisha kupanda, na baba alikuwa ameingia ofisini kusaini. Kofia yake ilikuwa mkononi. Dakika, aliyetaka sana kumpendeza mzee huyo, alimtazama, na mshonaji akajua angeweza kusema ni kalamu iliyoteleza.

"Ni mimi," alisema Dakika. "Nilipata arobaini na tisa, nikaandika arobaini. Nilijidanganya kwa woga, nikamdanganya na binti yako. Leo yeye amepata sitini na moja. Namba yake ndiyo ya kweli."

Mzee alimgeukia binti yake. "Ulikuwa unanizuia, siyo kunipungia?"

"Nilikuwa nakuzuia, Baba."

Mzee akaiweka kalamu mezani. "Siendeshi. Andika jina langu, masta, useme nimekataa."

Masta alilalamika kuhusu wakubwa, kisha akatoka kuwashusha abiria. Walishuka wakinung'unika, na vikapu, na watoto waliolala.

"Kijana," alisema mzee, "kuna kingine ulichonificha?"

"Kimoja. Nataka kumwoa huyu."

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi leo nimekwisha kukataa kitu kimoja, inatosha."

Mshonaji alikuwa dirishani. "Sitajibu mpaka ashuke wa mwisho," alisema.

Wa mwisho alikuwa bibi mwenye mwavuli, aliyeshuka ngazi moja moja huku akiwatukana wote. Alipokanyaga jukwaa, mshonaji alimgeukia Dakika.

"Ukifuta tena kipimo kwa sababu unaogopa, nitaondoka na sitarudi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi ndiyo. Nitaolewa na wewe."

Hakuna aliyecheka wala kupiga vigelegele. Saa kumi na dakika ishirini, kule njia inakopinda juu ya tuta, vumbi jekundu lilipanda juu ya miti, likasimama. Mlio ulikuja nyuma yake, mzito, ukapita chini ya miguu yao. Mzee dereva akashika meza. Dakika akaunyoosha mkono, na mshonaji akaukamata kwa nguvu, kama mtu anayekamata ukingo wa kitu.