Utomvu Kwenye Kiti cha Mkubwa

Gitae aliugundua ule utomvu alipokuwa akiweka mfuko wa mchele kwenye kiti cha nyuma, upande wa kulia. Vidole vilinasa. Alipovivuta vikaja na nyuzi nyembamba za rangi ya asali, akazinusa: msonobari. Gari lilikuwa limelala kwenye maegesho ya chini ya jengo lao pale mjini Daegu, madirisha yamefungwa, na huko chini ya zege haujawahi kuota hata uyoga, sembuse mti.

Hakuwa mtu wa kuvumilia doa, na gari lile alilipenda kuliko inavyofaa kupenda bati. Akashika kazi. Kwenye plastiki ya mlango alipaka mafuta ya kupikia mpaka utomvu ukalainika na kufutika. Mkanda aliusugua kwa spiriti. Kwenye kitambaa cha kiti aliweka barafu, utomvu ukawa mgumu, akaubandua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kesho yake ulikuwa umerudi palepale, na sasa kulikuwa na alama za vidole kwenye kishikio cha juu ya dirisha.

"Baba Sora," mkewe, Yeonhui, alimwuliza akiwa ameinama mlangoni, "humu unampakia nani?"

"Sijampakia mtu."

"Basi huyo asiye mtu anajipaka manukato ya porini." Alicheka, kisha akazitazama zile alama vizuri, akaacha. "Mbona kidole kimoja kimeishia katikati?"

Gitae alifuta haraka. Baba yake alikatwa kidole na mashine ya kuvunia mpunga, na alifariki kabla Yeonhui hajaolewa katika nyumba ile.

"Tumwite mganga," Yeonhui alinong'ona. "Yule mama wa mtaa wa nyuma, mwenye bendera mlangoni."

"Kwa utomvu tu? Watu watatucheka."

Lakini si kicheko alichokihofia. Mganga angesema kwa sauti, mbele ya mkewe, jambo ambalo Gitae alikuwa amelificha miaka mingi.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya mavuno, mtoto wa kiume hupanda mlimani kufyeka kaburi la baba yake kwa mkono wake. Gitae hakuwa amepanda tangu binti yake aanze shule, na sasa binti ana mchumba. Alikuwa akiwakodi vijana wa kufyeka makaburi, nao wakimtumia picha mbili, kabla na baada. Ile ya baada aliituma kijijini kwa mama yake, Bi Malsun, pamoja na maneno: "Nimemaliza, Mama. Mgongo hauna hali." Na yule bibi kizee akimwomba radhi kwa kumchosha. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwaka huu Bi Malsun alisema magoti yamepata nafuu kidogo, atakwenda kaburini mwenyewe. Gitae alimfuata kijijini asubuhi ampeleke mlimani, kisha aje naye mjini kwa sikukuu, Yeonhui akabaki mjini akifinyanga vikate vya mchele vya sikukuu. Bibi alifungua mlango wa kulia, akakitazama kiti, akaufunga taratibu. Akazunguka, akaingia upande wa kushoto na furushi lake.

"Mama, mbona unakaa huko? Kulia ndiko anakokaa mkubwa."

"Ndiyo maana," alisema kwa sauti ya chini. "Twende."

Hawajafika hata darajani, kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia abiria akikaa bila kujifunga. Taa ilionyesha kiti cha kulia.

"Mama, umeweka mzigo pale?"

"Mzigo wangu ninao magotini."

Gitae alitazama kioo. Kiti cha kulia kilikuwa kimebonyea.

"Gitae, baba."

"Naam, Mama."

"Mwaka huu ulifyeka kwa mkono wako?"

Angeweza kusema kweli. Ndani ya gari hapakuwa na mwingine wa kumwonea haya, isipokuwa huyo ambaye hakutaka kumtaja.

"Kwa mkono wangu, Mama."

Papo hapo harufu ya msonobari ikajaa garini mpaka macho yakamchoma, na utomvu ukaanza kuchuruzika kwenye mishono ya kiti, ukatambaa sakafuni, ukapanda mgongoni mwa kiti chake, akausikia ukimgusa shingoni, wa baridi, mzito, ukishika nywele moja moja, na kengele ikilia, na nyuma yake kitu kikivuta pumzi kwa shida kama mtu aliyekaliwa kifuani, naye hakuthubutu kusimama wala kugeuka mpaka barabara ilipoishia chini ya mlima.

Alimbeba mama yake mgongoni. Walipofika kwenye kaburi la kwenye picha, nyasi zake fupi, safi, Gitae alimshusha akapiga magoti.

"Inuka," alisema Bi Malsun. "Huyu ni Maeng. Umemfyekea mwizi wetu wa maji ya shamba."

"Mama?"

"Baba yako yule kule."

Alinyoosha mkono kwenye kichaka. Ndani ya kichaka mlikuwa na tuta lililobomoka, na juu yake, kifuani hasa, palisimama msonobari mchanga wa unene wa mkono. Kila mtu wa kule anajua kuwa mizizi ikiingia kaburini, marehemu hapati pumziko. Uso wa Gitae ukawaka moto. Kwa miaka yote ile alikuwa ameitazama picha ya kaburi la mtu baki asitambue kuwa si la baba yake.

"Sina hata mundu," alisema.

Bibi akafungua furushi. Mlikuwa na mundu, na msumeno mdogo wa kukunja.

"Nilijua huna. Nilijua tangu picha ya kwanza. Ulijitahidi sana kunidanganya, nikaona nisikuaibishe."

Gitae alikata akilia waziwazi. Alichimba kwa kucha, akaufuata mzizi mkubwa, akauvuta, ukaja mrefu sana, na chini kabisa kitu kikaachia. Pumzi ndefu ikapita kwenye nyasi. Akamwaga pombe ya mchele, akasujudu mara mbili.

Waliporudi, gari lilikuwa kavu. Kengele haikulia. Bi Malsun alikaa kulia, akafunga mkanda.

"Ametulia," alisema. Kisha, walipokaribia mjini: "Mimi nikifa usinipandishe mlimani. Nichomeni, majivu mkayamwage mtoni. Sitaki kumchosha mtu."

"Mama, usiseme hivyo! Nitakuja kila mwaka. Kwa mkono wangu, nakuapia."

Alisema kwa moyo wote, na yeye mwenyewe aliamini. Halafu harufu ikamfikia. Kwenye kioo alimwona mama yake akiinua kiganja kutoka kwenye kiti polepole, na nyuzi za rangi ya asali zikiinuka nacho.

Bibi alitoa leso na kichupa chake cha mafuta ya nywele, akainama, akaanza kufuta.

"Endesha tu, baba," alisema. "Tukifika kwa mkeo nitakuwa nimemaliza."