Karatasi Iliyosema Koko Yuko Hai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchota maji kwenye bomba la mtaa wetu, hapa Murara. Ya pili ilikuwa kumpa Koko kidonge chake cha tansheni, yaani shinikizo la damu. Koko ni mama wa mama yangu. Jina lake ni Julienne, lakini nyumbani hakuna anayelitumia. Macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikisukuma kidonge kutoka kwenye pakiti na kukiweka kwenye kiganja chake. Alikimeza pamoja na uji, kisha akasema, "Aksanti, mikono yangu."

Ndivyo alivyoniita. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita, na jina hilo nililipenda kuliko jina langu la Olive.

Koko aliishi Ubelgiji, katika mji wa Liège, miaka ishirini na moja. Alikuwa anafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipozeeka aliacha kazi akarudi Goma, na tangu hapo kila mwezi alikuwa anapata pensheni kutoka kule. Tantini Charline, mdogo wake mama, amebaki Liège. Yeye ndiye aliyetutumia pesa hizo kwa simu. Hazikuwa nyingi kama majirani walivyodhani. Zilinunua vidonge vya Koko, unga, na kulipa shule yangu. Zikiisha, tunangoja mwezi mwingine.

Mwaka ule, mwezi wa kumi, Tantini Charline alituma karatasi kwa simu. Mama yangu, Laurence, alienda kuitoa kwenye mashine. Mimi nikaisomea Koko, nikaanza kucheka.

"Koko, wanauliza kama uko hai!"

"Wanauliza kila mwaka," akajibu, huku anachambua sombe, majani ya muhogo. "Si vibaya. Kama mutu amekufa, hawawezi kuendelea kumulipa."

"Sasa si uandike tu kwamba haujakufa?"

"Mimi mwenyewe sikubaliwi. Mukubwa wa komini lazima anione na macho yake, atie sahihi na muhuri. Kule hakuna mutu anayenionaka nikipika, mutoto wangu. Wao wananiona ndani ya hii karatasi tu."

Kesho yake alifunga kikwembe chake kizuri, akachukua fimbo, akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya komini, serikali ya eneo letu. Njia yetu ni ya mawe meusi ya volkano, na magoti yake yalikuwa yanamuuma. Alirudi saa nane, akakaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu. Muhuri ulikuwa umekaa vizuri chini ya jina lake.

"Mikono yangu," akaniambia asubuhi iliyofuata, "hii ni francs elfu tatu. Ukitoka shule, pita kwa Guylain, umwambie apige karatasi hii picha kwa mashine na aitume kule kwa email. Hao watu wanataka iwafikie kabla mwezi haujaisha. Usiondoke mpaka uone imeenda. Umesikia?"

"Nimesikia, Koko."

Yaya Guylain, kwetu yaya ni kaka mkubwa, alikuwa na kibanda cha mbao karibu na kanisa. Ndani mlikuwa na kompyuta moja na mashine ya fotokopi. Ili kufika kwake ilibidi kupita kwa mama anayeuza mandazi, na pale nikawakuta wenzangu wa darasa, Igihozo akiwa katikati yao.

"Ona, mutoto wa Ulaya anapita!" Igihozo akapiga kelele. "Koko wako anakulaka ma-euro, lakini sisi hatujaonaka hata mandazi yako moja!"

"Anaogopa mfuko utatoboka," mwingine akasema.

Wakacheka wote. Nilisikia joto masikioni. Nilipaswa kupita, lakini nilisimama. Nikatoa noti zile nikaziweka mbele ya mama wa mandazi, nikasema kwa sauti ya mtu mkubwa, "Wape wote. Na juisi pia."

Walishangilia. Ili wazidi kucheka, nikawaonyesha karatasi. "Inasema eti Koko yuko hai!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na juisi. Kwa muda ule mfupi, nilijiona mimi ndiye mtoto mwenye bahati kuliko wote Murara.

Mandazi yalipoisha na wao wakaenda, nilibaki na karatasi mkononi bila pesa ya kuituma. Nikaiingiza ndani ya jalada la daftari langu la hesabu. Nilijiambia kwamba kesho nitapata pesa mahali.

"Imeenda?" Koko akaniuliza kabla sijaweka mfuko chini.

"Imeenda, Koko."

"Uliona na macho yako?"

"Niliona."

Akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, akaniombea baraka. Mkono ule ulikuwa mwepesi, lakini nilitamani autoe haraka.

Kesho haikuleta pesa, wala kesho kutwa. Kila somo la hesabu nilipofungua daftari, ukingo wa karatasi ulijitokeza, na rangi ya zambarau ya muhuri ilionekana. Nilianza kuficha daftari chini ya mengine. Mwalimu akauliza kwa nini alama zangu za hesabu zinashuka. Nikasema kichwa kinaniuma. Uongo wa kwanza ulinishinda kubeba, na bado nikaongeza mwingine.

Mwezi ule, na uliofuata, pesa zilikuja kama kawaida. Nikafikiri labda karatasi haikuwa na maana. Lakini mwezi wa kumi na mbili, siku ya pesa ilipita, na wiki nzima ikapita nyuma yake. Ndipo Tantini Charline akapiga simu. Mama akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Mama, nimewapigia watu wa pensheni. Wanasema hawakupata ile karatasi. Wamesimamisha pesa mpaka wajue kama uko hai."

Koko alicheka. "Kwa hiyo nimekufa? Basi hii sufuria anaikoroga nani?" Kisha kicheko kikakatika. Akauliza polepole, "Laurence, vidonge vimebaki vingapi?"

Mama aliniangalia. Mimi nilijua. Vilikuwa vimebaki tisa.

Kuanzia siku ile Koko aliniambia nikate kila kidonge katikati kwa kisu. Nusu leo, nusu kesho. Kidonge kidogo kile hakikatiki vizuri, huvunjika na kuacha unga kwenye sahani. Koko alilowesha kidole, akaokota unga ule na kuulamba ili usipotee. Bado alisema, "Aksanti, mikono yangu." Mimi niligeuka nikajifanya naosha kikombe.

Siku ya nne alipoinuka kwenye jiko la makala, yaani makaa, alishika ukuta. Mama alimdaka kabla hajaanguka. Alipomlaza, hasira zikampanda mama.

"Ni yule Guylain! Alikula elfu tatu ya mama yangu, karatasi hakutuma. Mwizi huyo!"

Maneno hayo hakuyaacha nyumbani. Aliyapeleka kwa Mama Nyiramahirwe, anayeuza makala kwenye kona, na kutoka pale mtaa mzima ukayajua. Niliporudi kutoka bomba niliona wanafunzi wawili wakubwa wakipita kibanda cha Guylain bila kuingia, wakaenda kutoa fotokopi zao mbali.

Igihozo alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. Safari hii hakunitania.

"Olive, hiyo elfu tatu wanayosema Guylain alikula... ni ile ya mandazi?"

"Nyamaza."

"Mimi nilikula mawili," akasema, akiangalia viatu vyake. "Basi na mimi nimekula vidonge vya koko wako."

Siku ya Jumamosi Koko alisema anataka kwenda mwenyewe kumwona Guylain. Mama alikuwa sokoni. "Wewe ndiye ulimpa karatasi," akaniambia. "Tutaenda wote, useme mbele yake."

Nilibeba mfuko wangu wa shule, sijui hata kwa nini. Koko alitembea akisimama kila baada ya hatua chache. Katika kibanda hamkuwa na mteja hata mmoja. Guylain alisimama haraka, akampa Koko kiti chake.

"Guylain," Koko akasema, "mimi sikuja kugombana. Mutoto huyu alikuletea karatasi yangu mwezi wa kumi. Haikufika. Nieleze tu."

Guylain aliniangalia. Niliona anatafuta kichwani mwake siku ambayo haikuwepo. Kisha akasema kwa upole:

"Koko, sikumbuki. Lakini watu ni wengi, na siku nyingine mtandao unakatika katikati. Labda kosa ni langu. Nisamehe. Ukipata karatasi nyingine nitaituma bure, na ile elfu tatu nitakurudishia."

Kama angenigombeza, pengine ningeendelea kudanganya. Lakini aliomba msamaha kwa kitu ambacho hakufanya, na Koko alikuwa anainua mkono ili amsamehe. Nilianza kulia. Nikafungua mfuko, nikatoa daftari la hesabu, nikachana jalada.

"Ni hii," nikasema. "Yaya Guylain hakuiona hata siku moja. Mimi nilinunua mandazi."

Koko aliichukua karatasi, akaileta karibu na macho yake, akapapasa muhuri kwa kidole. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alimgeukia Guylain kwanza.

"Mutoto wangu, sisi ndio wa kukuomba msamaha."

Kisha akasimama, akashika fimbo. Njia nzima hakuniita jina lolote. Ukimya ule uliniuma kuliko fimbo.

Mama alipojua, aliketi akashika kichwa. Jioni ileile alinishika mkono tukaenda kwa Mama Nyiramahirwe, na kwa kila mtu aliyeyasikia maneno yake. Kila mlango mama alianza: "Nilimsingizia Guylain." Kisha akaningoja, na mimi nikasema: "Mimi ndiye niliyekula pesa." Katika mlango wa kwanza sauti yangu haikutoka. Katika mlango wa saba ilitoka. Mama Nyiramahirwe alinyanyua mabega: "Na mimi nilibeba maneno bila kuyapima. Kesho nitapeleka fotokopi zangu kwake."

Mama alikopa kwa jirani akanunua vidonge vya wiki mbili, tukaendelea kuvikata nusu. Lakini muhuri wa zamani haukukubalika tena. Ilibidi Koko aende komini mara ya pili, juu ya mawe yaleyale. Siku hiyo nilimpa bega langu. Tulipumzika mara tano, na mara ya tatu, tukiwa tumeketi juu ya jiwe, ndipo akaanza kuongea nami.

"Unajua ile pensheni ilitoka wapi?"

"Kwa Wabelgiji."

"Ilitoka mgongoni mwangu. Kila mwezi walikata sehemu ya mshahara wangu kabla sijaushika. Wenzangu walinung'unika, na mimi pia. Tulikuwa bado na nguvu, uzee tuliuona mbali. Halafu rafiki yangu wa kazi, mama mmoja Mreno, akanifundisha kuongeza kidogo juu yake. Kila mwezi euro ishirini na tano, katika mfuko wa uwekezaji wa benki. Mwaka mmoja zile pesa zilishuka, nikalia, nikataka kuzitoa zote. Akaniambia, 'Julienne, haujui kama zitapanda, na mimi sijui. Lakini leo hauna njaa. Ziache.' Niliziacha miaka kumi na tatu. Nyumba tunayolala ndiyo hizo."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Watu wakisikia Ulaya, wanasikia pesa. Hawasikii mashuka." Alinyoosha goti lake. "Mimi nilikuwa naogopa wale wanaoahidi kuzidisha pesa mara mbili kwa mwezi mmoja. Kumbe cha kuogopa ni kitu kidogo ambacho mutu anasema nitakifanya kesho."

Katika komini, karani, Bwana Hitimana, alimwangalia Koko akacheka. "Mama, mara ya pili kwa mwaka mmoja? Umefufuka?"

"Huyu ndiye aliyenizika," Koko akasema akinionyesha kwa fimbo. "Na ndiye aliyenifufua." Karani hakuelewa. Mimi nilielewa, nikainamisha kichwa.

Guylain alituma karatasi mbele ya macho yangu. Baada ya wiki tano Tantini Charline alipiga simu: pesa zimerudi, pamoja na zile za miezi iliyosimama. Mama alimlipa jirani, na Koko akarudi kumeza kidonge kizima. Lakini bado alisema "Aksanti, Olive." Lile jina lingine hakulirudisha, na mimi sikuthubutu kuliomba.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, karatasi ilikuja tena. Nilidhani mama ndiye atakayetumwa. Koko aliporudi kutoka komini, alinyoosha mkono kwangu, akiwa na karatasi na francs elfu tatu.

"Koko, mimi?"

"Wewe. Sikiliza. Mwaka jana mandazi hayakunikasirisha sana. Mutoto ni mutoto. Karatasi ile ilikuwa na neno moja tu la kweli, kwamba mimi ninaishi. Kazi yako ilikuwa kulibeba lifike. Wewe ukalificha, ukaweka la uongo mahali pake, na mutu asiye na kosa akaitwa mwizi. Ukikosea, sema siku ileile, likiwa bado ni kosa la elfu tatu. Usilingoje likue. Na mutu aliyesema ukweli mbele ya milango saba, mimi ninaweza kumtuma tena."

Nilipita kwa mama wa mandazi. Igihozo alikuwa pale. Alinipungia mkono, akaja kutembea nami mpaka kibandani. Tulisimama wote nyuma ya kiti cha Guylain mpaka kompyuta ikaandika kwamba ujumbe umeenda.

Koko alikuwa anachambua sombe niliporudi. Hakuinua kichwa.

"Niko hai?" akauliza.

"Uko hai, Koko. Nimeona na macho yangu."

"Aksanti, mikono yangu," akasema, akanisogezea nusu ya majani.