Maji ya Moto Nyuma ya Jiko

Waziri alipomwaga maji aliyochemshia viazi nyuma ya jiko, mchanga ulilia. Ulilia kama mtoto, mara moja, kisha ukanyamaza.

"Umesema bismillahi?" Nusaiba, mkewe, alimuuliza kutoka uani, mtoto wao Nassir akinyonya.

"Mwalimu wa fizikia auombe mchanga ruhusa?"

"Hao wa mchangani hawajasoma fizikia, Baba Nassir."

Hapo Msambweni kila mtu alilelewa hivyo: kabla ya kumwaga maji ya moto hutaja jina la Mungu, watoto wa majini, wale wasioonekana, wapate kukimbia.

Tangu hapo nyumba ikawa inanuka nywele zilizoungua kila adhuhuri. Waziri alikagua nyaya za umeme, akasugua jiko. Harufu haikutoka.

Ijumaa, jua likiwa utosini, mtoto alilia nyuma ya jiko. Nusaiba alishtuka. Dera lake lililowa kifuani.

"Maziwa yameshuka," alinong'ona. "Yule ndiye Nassir."

"Nassir umempakata."

"Huyu simjui. Tangu asubuhi amekataa titi."

Waziri alichungulia dirishani. Mchangani alilala mtoto uchi, mgongo umebabuka, akinyoosha mikono. Miguu ya Waziri ilikwisha kuufikia mlango, mkono uko kwenye komeo, moyo ukimwambia fungua, fungua, ndipo akili ikamshika akasimama kupima, kwamba aliyemwagiwa maji ni mtoto wa jini, na aliyeungua ni huyu wa nje, na wa ndani ana ngozi nzima na alama yake ya kuzaliwa shavuni, basi hesabu imekamilika.

"Ni hila, Mama Nassir. Aliyeungua ndiye wao."

"Fungua, Waziri! Nakuomba!"

Akauzuia mlango kwa mgongo wake. Kilio kikainuliwa kutoka mchangani, kikachukuliwa upande wa msituni, kikafifia, kikakatika. Nusaiba aliketi sakafuni, maziwa yakimtiririka bure.

Jioni Waziri alimwogesha mtoto mwenyewe, kwa kuwa mama alikataa kumgusa. Alipompitisha kitambaa mgongoni, ngozi ilibanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake kulikuwa na kidonda cha moto, kutoka shingoni hadi kiunoni.

Kopo la maji lilikuwa tayari limeinuliwa juu yake.

Mtoto akageuza shingo polepole.

"Sema bismillahi, baba," akasema kwa sauti ya mwanamke mzima. "Wako, yule wa mchangani, naye hakuambiwa akimbie."