Kijiji Ndani ya Kaseti

Jumamosi mimi hushinda dukani kwa mama, fundi cherehani, nikiokota vifungo na kufagia vipande vya vitambaa. Wananiita Chapchap, maana hata kufagia nafagia mbiombio. Jumamosi moja alikuja mjomba, kaka yake mama, na begi lake la kompyuta. Yeye ni fundi wa kompyuta, na mdomo wake hauna breki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Chapchap. Leo tunamfufua mzee!"

Mzee mwenyewe ni kifaa cha michezo cha mkononi, alichochezea mama utotoni. Kioo chake kilikufa zamani. Ila kaseti yake, kile kidude cha kuchomeka ndani, ilikuwa na mchezo wa kujenga kijiji, na kijiji hicho mama alikijenga pamoja na mdogo wake, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Kwa miaka ishirini mama hakuwa amekiona.

Tulikaa chumba cha nyuma. Mjomba alichomeka kaseti kwenye kikasha cha kusomea, akakiunganisha na kompyuta.

"Nanakili mchezo, halafu kumbukumbu ya pale walipofikia," alisema. "Kumbukumbu inashikiliwa na kibetri humu ndani ya kaseti. Kimechoka hoi, kinaweza kuzima wakati wowote."

Kisha akaweka programu ya kuigiza, ile inayoifanya kompyuta ijifanye kifaa cha mkononi. Nilibaki mdomo wazi. Mashine moja iwe mashine nyingine?

"Mjomba, kweli?"

"Utaona mwenyewe. Ila usiguse! Namngoja mama yako amalize kumpima mteja."

Mjomba alipotoka tu kwenda mbele dukani, vidole vikaniwasha. Nikafungua mchezo. Loo! Muziki ukalia, vilima vya kijani vikajaa kioo kizima. Likaja swali, nikabofya "ndiyo". Likaja la pili, nikabofya "ndiyo" tena bila kusoma. Ikatokea ardhi tupu, haina hata kibanda. Hapo ndipo akili ikanijia. Nilikuwa nimeanza mchezo mpya na kuufuta ule wa zamani.

Moyo ukanipiga paa! Hakuna aliyeniona. Ningeweza kusema kaseti imezeeka, imeharibika yenyewe, na nani angebisha? Lakini nyuma ya pazia nilimsikia mama akimwambia mteja kwa furaha, "Leo naiona kazi ya mikono ya mdogo wangu." Nikashindwa kuvumilia. Nikatoka mbio.

"Mama, mjomba, nimefuta kijiji. Nimebofya bila kusoma. Nisameheni."

Mama alikaa kwenye kigoda, akauvua utepe wa kupimia shingoni. Nilitamani anigombeze. Mjomba alikuwa ameshaingia ndani.

"Kaseti hujaichomoa?"

"Sijaigusa."

"Afadhali! Nakala umeifuta, lakini yenyewe bado imo humu. Kama kibetri hakijazima."

Akaanza kunakili upya. Mstari ulitambaa kwenye kioo, ukasimama, ukatambaa tena. Mjomba aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

Kijiji kikafunguka. Nyumba kumi na moja, mto, daraja, na maua mekundu kuanzia mtoni hadi kwenye mlango mmoja. Kwa kubofya, mama aliusogelea mlango ule. Palikuwa na kibao, na maneno aliyoyaandika mdogo wake akiwa na miaka tisa: HODI DADA. NIMEKUPANDIA MAUA.

"Karibu," mama alijibu kwa sauti ndogo, machozi yakimtiririka. Nilisisimka mwili mzima. Mtu ambaye sikuwahi kumwona alikuwa amepiga hodi dukani kwetu.

Kesho yake mjomba aliijaribu tena kaseti. Kijiji hakikuwamo tena, kibetri kimezima. Alinionyesha, akanishika bega.

"Unaona, mwanangu? Sisi tungekusamehe hata mwakani. Kibetri kisingekungoja. Ukikosea, sema papo hapo, wakati bado kuna la kufanya. Jana ungenyamaza kwa siku moja tu, mama yako asingeyaona maua yale tena maishani."