Zamu ya Keki

Alhamisi jioni Hedvig Norling alikuwa katika chumba cha kufulia cha jengo lao. Mikono ilikunja mashuka, akili iko kwenye keki. Kesho ilikuwa zamu yake. Katika idara ya elimu ya udongo ya chuo kikuu alikofundisha, orodha ilibandikwa ukutani: kila Ijumaa mmoja anaoka, wote wanakunywa kahawa. Wanaume walikuwa tisa na wanawake wanne, lakini orodha ilikuwa ya majina manne tu.

Keki ya kesho ilikuwa ya kumpongeza Torkel, aliyepewa kazi ya kudumu ya uhadhiri. Hedvig naye aliiomba kazi hiyohiyo. Mkataba wake ungekwisha Juni. Staffan, mkuu wa idara, alimwambia kwa upole kwamba alishindwa kwa tofauti ndogo kama unywele. Hedvig akashukuru. Kwao kulalamika ni aibu. Aliyeshindwa hutabasamu, akakata keki.

Jirani yake Gunvor akaingia na kapu la nguo. Mama huyu alifanya kazi miaka thelathini katika masjala ya chuo, sasa amestaafu.

"Unakunja shuka kama unamnyonga mtu," alisema.

Hedvig akamsimulia. Gunvor aliuliza jambo moja tu: tangazo la uteuzi lilibandikwa lini?

"Leo siku ya kumi na saba."

"Basi umebakiwa na nne, mwanangu. Rufaa ni wiki tatu. Zikipita, hata ulie damu hawapokei."

"Nikate rufaa kwa lipi? Hata sijui waliandika nini."

"Kaombe karatasi za wapimaji waliowalinganisha waombaji. Chuo ni cha umma, karatasi zake ni za umma. Hawana haki ya kukuuliza wewe nani, wala unazitakia nini."

"Wataniona nina kijicho."

"Watakuona. Na keki yako wataila vilevile."

Hedvig hakuoka. Saa tatu asubuhi alisimama masjala, akaomba, akapewa. Alisoma palepale kwenye korido.

Torkel alikuwa na makala tisa kwa miaka saba. Wapimaji walieleza kwamba wametoa nusu mwaka aliokaa nyumbani kulea mtoto wake. Hedvig alikuwa na makala kumi na mbili kwa miaka kumi na mmoja. "Kasi yake ni ndogo," waliandika. Miaka mitatu aliyokaa nyumbani kulea watoto wawili haikutolewa. Ingetolewa, yeye ndiye angekuwa mbele.

Jumamosi na Jumapili alikaa jikoni kwa Gunvor, wakaandika ukurasa mmoja: hesabu yao, hesabu sahihi, basi. Matusi na machozi Gunvor aliyafuta. Jumatatu Hedvig akaipeleka rufaa, wala hakuondoka mpaka ilipogongwa muhuri wa tarehe.

Staffan alimsubiri mlangoni.

"Umetuaibisha, Hedvig. Sisi hapa ni familia."

"Familia gani, Staffan, mtoto wa Torkel anahesabiwa, wangu wawili hawahesabiwi?"

Juni mkataba ukaisha. Alirudisha funguo, na hakuna aliyemuaga. Miezi mitano alifundisha vijana wa sekondari akishika nafasi za walimu wagonjwa. Akakonda. Mumewe akaacha kuuliza kama barua imekuja.

Barua ilikuja Novemba. Bodi ya rufaa ilifuta uteuzi wa Torkel, kazi akapewa Hedvig. Fomu ya wapimaji nayo ikaongezwa mstari wa miaka ya malezi.

Alirudi Januari, asubuhi ya majira ya baridi yenye giza kama usiku. Kwenye kahawa, viti vya kushoto na kulia kwake vilibaki vitupu. Alikunywa akitazama dirisha. Ijumaa ya pili ikawa hivyohivyo.

Ijumaa ya tatu Saga, mtafiti kijana mwenye mimba ya miezi sita, alichukua kikombe chake, akahama meza, akaketi karibu naye. Saga naye alikuwa ameomba kazi ya kudumu, akisubiri tangazo la uteuzi.

"Ulisemaje pale masjala?" alinong'ona.

"Niliomba karatasi. Jina sikutaja. Na rufaa ni wiki tatu tangu tangazo." Hedvig hakunong'ona.

Saga akatoa kalamu, akaandika kiganjani mwake: siku ishirini na moja.