Nice Hakuwa Anaharisha

Kila asubuhi Domisiana alimnawisha binti yake, Nice, kwa maji ya kikombe kimoja. Yaliyobaki kwenye beseni hakuyamwaga. Aliyaweka kando ili afulie nguo.

Pale Mugoma, wilayani Ngara, maji yalikuwa taabu miaka ile. Vita vya Burundi vilikuwa vimewatoa watu makwao. Walivuka mpaka wakiwa na watoto mgongoni na mizigo kichwani. Wengine walipelekwa kwenye kambi za wakimbizi. Wengine walibaki vijijini, wakalima vibarua kwa wenyeji. Chemchemi iliyotosha watu wachache sasa ilichotwa na watu wengi mno. Ikabaki tope. Wanawake wakawa wanashuka hadi bondeni kutafuta maji.

Chakula nacho kilibadilika. Mikungu ya ndizi iliibwa shambani ingali michanga. Philbert, mume wa Domisiana, hakujua amlaumu nani. Watu wote walikuwa na njaa. Ndizi zilizobaki aliwapelekea watu wa kambini, wakampa unga wa mahindi. Basi nyumba ile ikala ugali mkavu, mchana na jioni, na mchuzi kidogo wa maharage. Siku nyingine ilikuwa ugali na chumvi.

Nice alikuwa na miaka mitatu. Zamani alikuwa mtoto wa kelele. Sasa alikaa kimya, ameegemea ukuta.

Ilianza siku moja alipokwenda haja. Alichuchumaa, akapiga ukelele. Domisiana alikimbia kumtazama. Aliona choo kikubwa, kikavu, kimepasuka-pasuka. Juu yake kulikuwa na mstari wa damu.

Tangu siku hiyo Nice aliogopa haja kubwa. Tumbo lilipomkata, alikwenda nyuma ya nyumba. Alisimama kwa vidole vya miguu. Alibana mapaja, akashika ukuta, uso ukamvimba.

"Sukuma, mwanangu," mama yake alimwambia. "Sukuma kitoke."

Hakikutoka.

Baada ya muda, chupi yake ikaanza kulowa kinyesi. Kilikuwa chepesi kama maji, nacho kilinuka sana. Asubuhi chupi ilibadilishwa, mchana ikawa imechafuka tena. Watoto wa jirani walimkimbia wakiziba pua.

"Mtoto mkubwa hivi anajinyea?" Philbert alifoka. Alichukua fimbo akamchapa miguuni. Nice alilia. Kesho yake chupi ilichafuka tena, naye akachapwa tena.

Bibi Rozalia, mama yake Philbert, alikuwa na maoni yake.

"Mtoto huyu anaharisha," alisema. "Punguzeni maji. Mkimpa maji mengi, yatamtoka yote."

Domisiana alimtii mkwe wake. Nice alipoomba maji, alipewa funda moja. Alipoomba tena, aliambiwa asubiri. Mwishowe hakuomba tena. Akaanza kukataa hata chakula. Tumbo lake likawa limejaa na kuwa gumu.

Bibi Rozalia alilibonyeza tumbo lile akatikisa kichwa.

"Huu ni uchafu umejaa. Nitamwingizia dawa."

Rozalia alijulikana kwa kazi hiyo. Akina mama wengi wa Mugoma walimwita watoto wao walipokosa choo. Alichuma majani yake, akayatwanga, akayachanganya na maji. Akayatia kwenye kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba. Shingo ile ndiyo iliyoingizwa kwa mtoto, nyuma.

"Mlaze," alisema. "Mshike miguu."

Domisiana alimlaza Nice kwenye mkeka.

Wakati huo Ntirampeba alikuwa uani akipura maharage. Alikuwa mwanamke Mrundi aliyeishi kwenye kibanda nyuma ya nyumba yao. Alilima pamoja na Domisiana, akala pamoja nao. Kirundi chake na Kihangaza chao havikupishana sana, wakaelewana tangu siku ya kwanza. Lakini mambo yake mwenyewe hakuyasema kamwe.

Aliweka chini fimbo ya kupuria. Akaingia ndani.

"Bibi, nakuomba, usimwingizie."

"Nani amekuuliza?" Rozalia alisema.

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi rudi kwenye maharage."

Ntirampeba hakurudi. Alisimama mlangoni mikono ikining'inia.

"Nilikuwa na mtoto wa kiume," alisema. "Alikuwa mchanga, ananyonya. Tulikuwa njiani kuja huku. Alikaa siku nyingi bila kupata choo, nikaogopa. Mama mmoja njiani alikuwa na dawa ya majani. Alimwingizia kwa kibuyu kama hicho. Mimi mwenyewe nilimshika miguu. Kabla jua halijazama alianza kutokwa na maji, kisha damu. Hatukuvuka naye mpaka."

Rozalia alikitazama kibuyu mkononi mwake.

"Dawa yangu si kama hiyo ya njiani," Rozalia alisema mwishowe. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Domisiana alimwinua Nice kutoka kwenye mkeka.

"Nisamehe, mama," alimwambia mkwe wake. "Nampeleka zahanati."

Rozalia aligeuza uso ukutani. Domisiana alimfunga mtoto mgongoni. Ntirampeba akamfuata bila kuambiwa.

Zahanati ilijaa watu. Walisubiri hadi jua lilipoanza kuwa kali. Muuguzi aliitwa Sista Priscila. Alimlaza Nice kitandani, akampapasa tumbo polepole.

"Ana shida gani, mama?"

"Anaharisha, Sista. Ameharisha muda mrefu."

"Kabla ya kuharisha, choo chake kilikuwaje?"

Domisiana alimweleza juu ya choo kile kikavu na damu. Priscila aliuchukua mkono wa Domisiana, akauweka chini ya kitovu cha mtoto, upande wa kushoto.

"Bonyeza taratibu. Unasikia nini?"

"Kitu kigumu. Kama kiazi." Domisiana alishtuka. "Ni uvimbe?"

"Inaonekana ni choo. Mtoto wako haharishi. Amefunga choo."

"Lakini kinamtoka kila siku!"

"Sikiliza, mama. Choo kigumu kimeziba njia. Kile chepesi kilicho nyuma yake kinapenya pembeni na kuvuja. Mtoto hasikii kinapotoka, wala hawezi kukizuia. Ndiyo maana anachafua chupi. Si jeuri, wala si uchafu."

Domisiana alitazama alama za fimbo kwenye miguu ya Nice. Alilivuta gauni la mtoto lizifunike. Priscila alikuwa amekwisha kuziona.

"Anaposimama kwa vidole, akabana miguu," Priscila aliuliza, "wewe unadhani anafanya nini?"

"Anasukuma, lakini anashindwa."

"Hasukumi, mama. Anakizuia. Choo kilimuumiza, sasa anakiogopa. Kikikaa ndani, mwili unafyonza maji yake. Kinazidi kukauka. Siku kikitoka kinamuumiza zaidi, naye anazidi kubana."

"Tulimnyima maji," Domisiana alisema. Machozi yalimlengalenga. "Tulidhani tunamsaidia."

"Hata mtoto anayeharisha kweli hanyimwi maji. Yeye ndiye anayeyahitaji zaidi."

Mganga wa zahanati alimpima Nice, akathibitisha. Alitoa dawa ya kunywa ya kulainisha choo. Priscila alimwonyesha Domisiana kipimo chake.

"Mwanzoni atatoa choo kingi, na atachafua nguo. Msikate tamaa. Na choo kikianza kutoka vizuri, msiache dawa mpaka tuwaambie. Utumbo wake umetanuka. Utachukua wiki nyingi, pengine miezi, kurudi ulivyokuwa. Msimpe dawa ya kuendesha ya watu wazima. Msimwingizie majani, sabuni wala kitu chochote nyuma. Vitu hivyo vinaunguza utumbo. Vimeua watoto."

"Na chakula?"

"Maji ya kunywa ya mtoto yatangulie kazi nyingine zote, nayo yachemshwe. Mpe uji. Ugali peke yake haufai. Mnalima maboga na maharage?"

"Tunalima."

"Pikeni majani yake. Mpe na maharage yenyewe, na papai au parachichi mkipata. Kila akimaliza kula, mpeleke akachuchumae kidogo. Kaa naye. Asipopata choo, mrudishe bila kumgombeza. Akipata, msifu."

Ntirampeba alikuwa amesimama pembeni muda wote. Sasa alisogea.

"Sista," alisema, "na mtoto mchanga anayenyonya tu? Akikaa siku nyingi bila choo?"

"Inategemea. Amepita mwezi mmoja au miwili? Ananyonya vizuri? Tumbo lake ni laini, anaongezeka, na choo kikija ni laini? Basi si mgonjwa. Maziwa ya mama huacha makapi kidogo sana. Anaweza kukaa hata wiki nzima. Mwingine hujikamua, akawa mwekundu, akalia, kisha choo kikatoka laini. Huyo naye hajafunga choo. Anajifunza tu."

"Hahitaji dawa?"

"Hahitaji kitu. Wa kukimbizwa hospitali ni yule aliyezaliwa akapitisha siku mbili bila choo chochote. Au anayetapika kijani, au tumbo limevimba na kukaza, au choo kina damu, au amekataa kunyonya. Huyo msimsubirishe."

Ntirampeba aliangalia sakafu.

"Wangu alikuwa ananyonya vizuri," alisema. "Alikuwa anacheka."

Priscila alimshika Ntirampeba bega, akakaa naye hivyo, ingawa watu walikuwa wakingoja nje.

Nyumbani, Domisiana alimweleza Philbert kila neno, Rozalia naye akisikia. Philbert alisikiliza ameinamisha kichwa. Kesho yake alichimba shimo dogo kando ya choo chao. Alilizungushia mabua, akaweka mawe mawili bapa ya kukanyagia, karibu karibu, kwa miguu midogo.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Choo kile kigumu kilipotoka, Nice alilia hadi sauti ikakauka. Nguo zilichafuka kuliko zamani, na maji ya kufulia hayakuwepo. "Dawa yenu iko wapi?" Rozalia aliuliza. Kuna siku Domisiana alikaa bondeni na ndoo yake akalia. Lakini dawa hakuiacha. Ntirampeba alichuma majani ya maboga. Philbert alimpeleka mtoto kwenye mawe yake baada ya kula, akachuchumaa mbele yake akimngoja.

Polepole choo kikawa laini. Maumivu yakaisha. Nice akaacha kusimama kwa vidole. Chupi ikaanza kushinda kavu, kwanza siku moja moja, baadaye siku zote. Alirudi kupiga kelele uani, na watoto wa jirani wakarudi kucheza naye.

Kisha ikatoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wapelekwe kambini. Lori lilikuja asubuhi. Ntirampeba alipewa muda wa kufunga shuka yake na jembe. Domisiana alimpa unga. Rozalia alitoka nje, akamshika mikono yote miwili. Kisha lori likaondoka.

Baada ya mavuno, kijana jirani aliyeitwa Gaspari alikuja mbio kwa Rozalia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una nini?"

"Mtoto wetu mchanga hapati choo. Mke wangu anasema uje na dawa yako."

Rozalia alikwenda mikono mitupu. Alimpakata mtoto, akaligusa tumbo. Lilikuwa limekaza kama ngoma.

"Ananyonya?"

"Amekataa tangu jana," mke wa Gaspari alisema. "Anatapika. Matapishi ni ya kijani."

"Mimi simwingizii kitu," Rozalia alisema. "Mpelekeni hospitali sasa hivi. Msipite kwa mtu yeyote."

Gaspari aliazima baiskeli, mke wake akapanda nyuma na mtoto. Utumbo ulikuwa umejisokota, na mtoto akapasuliwa siku hiyo hiyo. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo, wangemzika.

Mtoto alipona. Siku walipomrudisha, Rozalia alimbeba muda mrefu uani, hakutaka kumwachia. Alisema anataka Ntirampeba apate habari hii. Philbert aliuliza kwa watu wa kambini, na Domisiana akauliza sokoni.

Hakuna aliyejua alipelekwa kambi gani.